Mlo wa Wifi, Vidonge vya Mama

Wifi yangu aliposhuka kwenye basi la Kampala pale Mpondwe, mavyaa yangu hakumtambua mpaka alipomsikia sauti. Binti yake aliondoka Bwera akiwa mnene wa kupanda kilima kwa kupumzikapumzika. Sasa amerudi shingo imetokeza, gauni limepunguzwa kiunoni, na begi lake zito amelibeba mwenyewe. Mama alimshika mabega, akamgeuza huku na huku, kisha akauliza swali ambalo mama yeyote wa milima hii huuliza akimwona mwanawe amekonda ghafla: "Mwanangu, unaumwa nini?"

"Siumwi, Mama. Nimeacha wanga."

Usiku ule tulikaa uani mpaka moto ukafa, tukimsikiliza. Huko Kampala, anakofanya kazi ya uhasibu, amekaa miezi bila posho, bila matoke, bila wali, bila chapati, wala sukari ya chai. Chakula chake ni mayai, nyama, samaki, mboga za majani, parachichi na karanga kidogo. Kilo zimemtoka, usingizi umetulia, kukoroma kumekwisha. Nilimwamini, na mpaka leo namwamini, kwa maana mwili wenyewe ulikuwa mbele yetu na haukuwa mwili wa mgonjwa. Mama alimwamini kwa sababu yake nyingine, nayo ni magoti. Alikuwa na kilo 94, ana kisukari, ana presha, na njia ya kwetu kwenda kanisani ni ya kupanda. Kliniki walikuwa wamemwambia apunguze uzito, wakaishia hapo. Aupunguze kwa njia gani, kwa chakula gani, hakuambiwa. Kwa hiyo wifi alipofungua daftari lake la mlo, alimkuta Mama amekwisha kukubali.

Nyumba yetu inalishwa na shamba la mlimani. Mimi nimezaliwa Kasindi, ng'ambo ya mto Lhubiriha, nikaolewa upande huu. Mume wangu ni dereva wa lori na siku nyingi yuko barabarani. Mimi asubuhi nafundisha, jioni napika. Chakula chetu, kama cha nyumba nyingi za Wakonzo, ni bundu: unga wa muhogo unasongwa kwenye maji yanayochemka hadi ushikane na kuvutika, kisha unamegwa kwa vidole na kutowezwa kwa sombe, yaani kisamvu, iliyotiwa mawese ya Congo, au kwa maharage, au kwa samaki kutoka ziwani. Shamba linatoa muhogo, maharage, ndizi na kahawa. Yaani wanga tunauchimba nyuma ya nyumba, lakini nyama na mayai tunayafuata sokoni na pesa mkononi. Hilo halikuwamo katika daftari la wifi, na sidhani kama limo katika daftari lolote la mlo linalotoka mjini.

Daftari lilikuwa na kurasa za kijani na kurasa nyekundu. Kwenye nyekundu kulikuwa na bundu, posho, matoke, viazi, wali, mandazi, ndizi mbivu, nanasi, asali, sukari, na chini kabisa maharage. Nilisoma mstari ule nikamtazama usoni.

"Hata maharage, wifi?"

"Yana wanga, wifi yangu. Tukianza, tuanze kweli."

Kuhusu bundu alileta hoja iliyotunyamazisha sote. Septemba 2017, katika wilaya hii hii ya Kasese, watu 98 waliugua na wawili wakafariki baada ya kula bundu. Ilianzia kwa waombolezaji waliokula pamoja msibani. Wachunguzi walifikia kwamba unga ule ulikuwa wa muhogo mwitu, wenye sianidi nyingi. Hakuna nyumba ya Bwera isiyokumbuka wiki ile. Mama alijibu bila kupandisha sauti: "Ule ulikuwa muhogo mwitu, mwanangu. Huu wangu nimeupanda mwenyewe, nimeuloweka, nimeuanika." Na ni kweli, kuloweka na kuanika ndiko kunakopunguza sumu, na wanawake wa huku walilijua hilo kabla ya maabara. Wifi akasema, sumu iwepo isiwepo, bundu ni wanga mtupu. Hapo sikuwa na la kubisha. Unga wa muhogo una protini kidogo mno, na kilima cha bundu kila jioni ni mzigo kwa mwenye kisukari. Nakipenda chakula hiki tangu utotoni, lakini sitakitetea kupita haki yake.

Basi usafi ukaanza. Mkungu wa ndizi mbivu ulipelekwa sokoni, asali akapewa jirani mwenye kikohozi, na kopo la sukari likamwagwa kwenye mfuko likaenda kwa mke wa mchungaji. Mzee, baba mkwe wangu, alikuwa kwenye kiti chake akiangalia. Amevuka miaka 70, chai yake hutiwa vijiko vitatu, na hana kisukari. Hakusema neno. Kesho yake alikwenda dukani akanunua sukari kwenye vifuko vidogo, akavificha katika mfuko wa koti lake kuukuu linaloning'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Sisi ni watu wa mpakani. Kuvusha bidhaa bila karatasi si jambo geni kwetu, ila sijawahi kuona magendo yakivushwa kutoka chumbani kwenda jikoni. Watoto walijua, nami nilijua, na kila asubuhi nilimpelekea kikombe cha chai kavu na kumwacha amalize mwenyewe.

Jikoni sasa palikuwa na vyungu viwili. Kimoja cha bundu ya Mzee na watoto, kingine cha Mama na wifi. Mkaa ukawa unaisha katikati ya juma. Parachichi hazikutusumbua, maana huku zinadondoka miti ikichoka kuzibeba, lakini mayai yalikwenda kwa trei, na nyama tuliyozoea kula Jumapili na sikukuu ikawa ya kila juma, zaidi ya mara moja. Mtoto wangu mdogo aliuliza kwa nini Bibi anakula mayai matatu na yeye anapewa nusu. Sikumpa jibu zuri, kwa sababu halikuwapo. Mume wangu alipopiga simu kutoka Mbarara na kusikia hesabu, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kama Mama anapona, tutatafuta."

Na Mama alionekana anapona. Juma la kwanza lilipokwisha, mzani wa duka la dawa ulionyesha kilo tatu zimepungua. Aliupanda mara mbili ili ahakikishe. Wifi alimkumbatia, na wanawake wa kikundi cha akiba wakaanza kuja uani kuuliza siri ni nini.

Baadaye nilielewa kilo zile zilikwenda wapi. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, iitwayo glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu tatu za maji. Ukikata wanga, akiba inatumika, na maji yake yanatoka kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya furaha ya juma la kwanza, kwa kila anayefuata mlo wa namna hii, ni maji. Mafuta huanza kupungua taratibu baadaye, kama mtu akiendelea. Kwa wifi, mwanamke wa umri wa kati asiyetumia dawa yoyote, kupoteza maji yale hakukuwa na madhara makubwa. Lakini Mama alikuwa tayari anameza kidonge cha presha kinachofanya kazi kwa kuyatoa maji mwilini. Akaanza kuamka usiku mara kwa mara kwenda msalani, na akisimama ghafla hushika ukuta.

Daftari lilikuwa na jibu la kizunguzungu pia: supu yenye chumvi, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Na lina mantiki yake, kwa kuwa mtu akiacha wanga figo hutoa chumvi nyingi kuliko kawaida. Lakini hapa kwetu chumvi haina uhaba. Katwe iko karibu, ziwa ambalo watu wamevuna chumvi yake kwa karne nyingi, na nyumba nyingi hupenda chakula kilichokolea. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, kama kijiko cha chai. Mama alikuwa anaipita hiyo kabla ya saa nne asubuhi, akiwa mgonjwa wa presha, kwa ushauri ulioandikiwa mwili usio na presha.

Ndipo wakaja wakwe. Mdogo wa mume wangu alikuwa amepata mchumba upande wa Kisinga, na wazee wa binti walikuja kuifahamu nyumba. Siku kama hiyo hakuna Mkonzo anayeweka mezani mayai na parachichi. Nilisonga bundu mpaka mikono ikauma, tukachinja kuku wawili, nikapika sombe na maharage. Mama aliwanawisha wageni mikono, akawaandalia, kisha akaketi na sahani yake ya dodo, yaani mchicha, na kipande cha kuku.

Mgeni mkubwa, shangazi wa binti, alimega bundu yake, akaishika mkononi, hakuipeleka kinywani. Alikuwa anaitazama sahani ya Mama. Mwenzake naye akaacha. Nyumba yenye mwenyeji asiyekula anachowapa wageni ni nyumba ya kuogopwa mahali popote, na katika wilaya iliyozika watu kwa ajili ya unga ni zaidi ya hapo.

"Dada," shangazi aliuliza kwa adabu, "wewe bundu hii huli?"

Mama alimtazama binti yake, akatazama wageni, akanyoosha mkono. Alimega donge kubwa, akalitoweza kwenye sombe, akala mbele ya macho yao. Akamega tena. Wageni wakacheka, wakala, mazungumzo yakarudi, na kabla ya jua kuzama tulikuwa tumeelewana kuhusu mbuzi wa mahari. Mimi nasema alifanya alichopaswa kufanya. Wifi hakuona hivyo. Usiku ule hakuzungumza na mtu, na asubuhi alimwambia Mama kwamba kazi ya majuma yote imeharibika kwa mlo mmoja.

Maneno hayo yalimwingia Mama. Siku iliyofuata hakula. Alikunywa supu ya chumvi, akatafuna majani machache ya dodo mchana, jioni akasema ameshiba. Alitaka kulipa deni la bundu kabla ya kupanda mzani tena. Vidonge vyake hakuviacha. Mama ni mtiifu wa dawa, hajawahi kuruka siku hata moja, akameza vya asubuhi na vya jioni kama alivyoandikiwa.

Usiku wa manane Mzee aligonga dirisha langu.

Tulimkuta Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, nguo imelowa jasho, mikono inatetemeka. Alikuwa anamtukana Mzee, yeye ambaye sijawahi kumsikia akimkatisha mumewe neno, na alimwita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa. Wifi alisema ni homa ya kuacha wanga, imeandikwa, apewe supu ya chumvi. Jirani aliyeamshwa na kelele alisema ni malaria imepanda kichwani. Mwingine, mlangoni, alinong'ona kuhusu wageni wa juzi na jicho lao. Nilitazama kabatini: hakukuwa na sukari, soda, ndizi, wala asali. Tulikuwa tumekitoa nyumbani kila kitu ambacho usiku ule tulikihitaji.

Mzee hakubishana na mtu. Alikwenda nyuma ya mlango, akatoa vifuko vyake kwenye koti, akavimimina vyote katika kikombe cha maji, akakoroga kwa kidole. Mama bado alikuwa anaweza kumeza, akamnywesha funda kwa funda huku akimshika kidevu. (Asiyeweza kumeza hatiwi kitu kinywani, maana kitaingia mapafuni, huyo anakimbizwa hospitali.) Hazikupita dakika nyingi mikono ikatulia. Mama akamtazama, akamwita Baba wa watoto, akauliza kwa nini chumba kimejaa watu.

Tulimuuliza Mzee alijuaje. Alishangaa kwamba tunamuuliza. Siku Mama alipopewa vidonge vile mara ya kwanza, yeye ndiye aliyemsindikiza, na muuguzi aliwaambia wote wawili: akitoka jasho, akitetemeka, akianza kusema visivyo vyake, mpe sukari kwanza, maswali baadaye. Mama alikuwa amesahau. Sisi tulikuwa hatukuwepo. Yeye alikuwa ameyaweka.

Gari la jirani lilitupeleka hospitali. Hata baada ya kikombe cha Mzee, kipimo kilisoma 3.1, na chini ya 3.9 huhesabiwa kuwa sukari imeshuka mno. Alitundikiwa dripu ya glukosi, nasi tukadhani alfajiri tutarudi naye. Daktari akakataa. Akamwomba wifi amwage vidonge vya Mama kitandani, akakitenga kimoja kwa ncha ya kalamu: glibenklamidi. Kidonge hiki, alisema, kinaliamuru kongosho kutoa insulini, na kinaamuru hivyo mtu awe amekula au hakula. Nguvu yake yaweza kukaa mwilini siku nzima, na kwa mzee mwenye figo zilizochoka hukaa zaidi. Ukiipandisha sukari sasa, baada ya saa chache inashuka tena. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limekuwa likionya kwamba dawa hii haifai kwa waliovuka miaka 60. Kisha akauliza: "Nani alimwambia aache wanga?" Wifi akainua mkono wake juu, wima, kama alivyofundishwa shuleni.

Daktari hakumkaripia. Alimweleza, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, kwamba mlo wake hauna uongo. Kupunguza wanga kunashusha sukari ya damu, tena haraka. Vidonge vya Mama vilikuwa vimepimwa kwa mwanamke anayekula bundu kila jioni. Mlo ulipofanya kazi yake na vidonge vikaendelea kufanya kazi yao, mwili mmoja ukasukumwa chini na mikono miwili. Mlo ule ungekuwa wa kitapeli, usingemwangusha. Anayetumia dawa za aina hii, au insulini, hapaswi kubadili mlo namna ile kabla dawa hazijapunguzwa na mwenye kujua, na sukari iwe inapimwa kila siku.

Baada ya hospitali tulimhamishia Mama Kasese mjini, kwa shemeji yangu mkubwa, ili awe karibu na kliniki ya kisukari na asipande vilima. Kasese ni tambarare na ni joto. Rwenzori unauona umesimama mlangoni lakini miguu haiugusi. Wifi aliomba likizo akaja kukaa naye. Nilimfuata shule zilipofungwa. Nilitarajia kumkuta amelitupa daftari, kumbe amelijaza. Ni mhasibu, hesabu ikikataa anarudi kwenye vitabu. Jioni tulikaa barazani tukisoma pamoja kwenye simu yake, na kusema kweli ni jioni zilizotupatanisha kuliko maneno ya wazee.

Tulisoma kwamba mlo wa keto, yaani huu wa kukata wanga, ulibuniwa mwaka 1921 na daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, wakifuatiliwa na madaktari. Tulisoma utafiti wa Stanford uliotoka mwaka 2018, ambapo watu wazima 609 waligawanywa, wengine wakapunguza mafuta, wengine wakapunguza wanga, kwa mwaka mzima. Wa kwanza walipungua wastani wa kilo 5.3, wa pili kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu si kitu. Ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua sana na walioongezeka. Wifi aliusoma huo mara kadhaa. Kilichompunguza yeye, alisema hatimaye, huenda hakikuwa kuikimbia bundu; huenda ni kuacha soda, chapati za barabarani, na kula usiku mbele ya televisheni.

Lakini uliomliza ni ule wa Uingereza uitwao DiRECT, uliochapishwa mwaka 2017, wa maprofesa Roy Taylor na Mike Lean. Wagonjwa wa kisukari cha ukubwani walipewa chakula cha supu maalumu chenye kalori kama 850 tu kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, karibu nusu yao, asilimia 46, sukari yao ilikuwa imerudi mahali salama bila dawa. Hii ni habari kubwa kwa kila mwenye kisukari aliyeambiwa ugonjwa wake ni wa kuzika naye. Wifi alikuwa anatabasamu mpaka akafika palipoandikwa jinsi walivyoanza: siku ya kwanza ya mlo, dawa za kisukari na za presha zilisimamishwa. Alinipa simu, akaingia ndani.

Mimi nilibaki na swali langu la maharage, na hili nitalisema kwa urefu kwa sababu linahusu chungu changu. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, tangu miaka ya 1930 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa miaka mingi aliona wodi zake zimejaa utapiamlo na maambukizi, lakini kisukari, unene na magonjwa ya moyo yaliyokuwa yakiwaua watu wa kwao Uingereza aliyakuta kwa nadra sana kwa wanavijiji wa Uganda. Mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda katika miaka ya 1940 hadi 1960, naye akaanza kuuliza maswali ya tumbo na choo. Mwaka 1975 walihariri pamoja kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa, wakidai kwamba nyuzinyuzi za chakula kisichokobolewa ni kinga. Si kila walichodai kilisimama, na maisha ya kijijini yalikuwa na mengi zaidi ya chakula, kuanzia na jembe na vilima. Lakini leo kila pakiti ya nafaka ya London inayojisifia nyuzinyuzi ina deni kwa sahani za maharage na mboga zilizoliwa Uganda. Halafu mwaka 1981, David Jenkins na wenzake wa Toronto wakapima vyakula mbalimbali kwa jinsi vinavyopandisha sukari ya damu, na jamii ya maharage ikawa miongoni mwa vinavyoipandisha polepole. Wanga wa maharage umefungwa ndani ya nyuzinyuzi na protini, na mwili unachukua muda kuufungua.

Niliyasoma haya nikiwa na hasira, nakiri si ndogo. Chakula cha bei nafuu kuliko vyote shambani kwetu, chenye protini ambayo wanangu wangeila bila mtu kugawa yai, kilikuwa kimewekwa kwenye ukurasa mwekundu pamoja na mandazi. Na bundu yenyewe, ikiwa ndogo na imezungukwa na sombe na maharage, haiingii mwilini sawa na bundu tupu iliyorundikwa. Kosa letu la zamani lilikuwa kilima. Mboga zilikuwa za kutowezea tu.

Kwenye benchi la kliniki Kasese, Mama alikuta wenzake wengi, na wengi wao ni wa presha. Haikunishangaza. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta presha kwa asilimia 26.4 ya watu wazima wa Uganda, na kisukari kwa asilimia 1.4. Wengi hawakujua kama wanayo. Kwa hiyo wale wanawake wa kikundi cha akiba waliokuja uani kuuliza siri ya wifi, mmoja kati ya kila wanne huenda ana presha, na pengine hajui. Hilo limenikosesha usingizi kuliko mengine, kwa sababu daftari lilikuwa limekwisha kunakiliwa. Wifi aliporudi Bwera alipita nyumba kwa nyumba, akakaa na kila aliyenakili, akauliza swali moja kabla ya yote: unameza nini?

Kliniki ilimwondolea Mama glibenklamidi, ikamwachia metformini, ambayo yenyewe peke yake ni nadra kuangusha sukari, na kile cha presha kikapunguzwa nguvu. Mama amerudi Bwera. Sahani yake sasa nusu ni sombe au dodo, robo ni maharage au samaki, na bundu ni ya ukubwa wa ngumi yake, mchana, siyo usiku. Chungu kimerudi kuwa kimoja. Watoto wanakula hicho hicho, ngumi zikiwa kubwa kidogo kwa wanaocheza mpira. Sombe naitwanga zaidi kuliko zamani na mawese natia kwa kijiko. Chumvi naitia mara moja, mwishoni, na anayeongeza mezani anaulizwa na Mama. Wifi amekataa kutuma lozi na unga wa nazi kutoka Kampala. Badala yake hutuma vipimio vya sukari, ambavyo ni ghali kuliko nyama, na kila Jumamosi Mama humsomea namba kwa simu.

Uzito unashuka kwa mwendo wa konokono: kilo 94 zimekuwa 89, na safari hii si maji. Magoti bado yanauma kwenye kupanda, lakini kwenye kushuka hayaumi tena. Wifi mwenyewe amerudisha maharage kwenye chakula chake na kilo mbili zimemrudia. Anasema atakaa nazo, kwa kuwa ofisini alikuwa amechoka kula peke yake.

Mzee amerudishiwa kopo lake la sukari, likiwa juu ya kabati, mahali ambapo kila mtu wa nyumba hii anaweza kulifikia gizani. Amepunguza kijiko kimoja bila kuombwa.

Harusi ya shemeji imepangwa Desemba. Itakuwa siku ya kula kuanzia asubuhi, kwa wakwe na kwetu, na hakuna atakayemzuia Mama kula bundu mbele ya wageni wake. Ameshamuuliza daktari siku hiyo ameze nini, saa ngapi, na apime mara ngapi. Wifi ameandika majibu kwenye ukurasa mpya, na nakala yake Mzee ameiweka kwenye mfuko wa koti.